Namna ya Kutumia Mitishamba kwa Anayemeza Dawa za Kuzuia Damu Kuganda

Mama mmoja aliyewekewa valvu ya chuma moyoni alikaa mbele yangu kliniki akiwa na majibu ya damu yaliyonishtua. Kwa miezi saba kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kilikuwa hakitoki kati ya 2.5 na 3.5, lakini siku hiyo kilisoma 1.6, maana yake valvu yake ilikuwa katika hatari ya kuota bonge la damu wakati wowote. Nilimuuliza kama aliruka siku yoyote bila kumeza warfarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, akaapa kwamba hakuruka. Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine, za dukani au za mitishamba, akasema hana. Ndipo nilipobadilisha swali: "Mama, ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza kuingia mdomoni ni nini?" Akafungua mkoba, akatoa kopo la plastiki lenye unga wa kijani. "Uji wangu nautia mlonge, vijiko viwili. Lakini mwanangu, hiyo si dawa, ni majani tu."

Maneno hayo, "ni majani tu", nimeyasikia mara nyingi mno katika kazi yangu ya ufamasia, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika mwongozo huu. Ni kwa ajili ya watu wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda, na zaidi kwa ajili ya wale wanaowapikia, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui kilichotiwa kwenye sufuria. Bibi yangu alikuwa na mpera, mchaichai na mbono kaburi nyuma ya nyumba, na tulipougua tulianzia huko kabla ya kufika zahanati. Sina nia ya kuubeza ujuzi huo. Ninachotaka ni kwamba anayeutumia ajue mmea unapokutana na kidonge ndani ya damu hutokea nini.

Kinachofanyika ndani ya mshipa

Mshipa ukikatika, mambo mawili hufuatana. Kwanza chembe sahani, ambazo ni vijipande vidogo vinavyoelea katika damu, hukimbilia penye jeraha, zikashikamana na kuziba tundu kwa muda. Kisha protini za damu huamshana moja baada ya nyingine hadi zikafuma nyuzi za faibrini, mfano wa wavu wa mvuvi, ambazo hulifunga lile bonge lisibanduke. Nne kati ya protini hizo, zinazotambulishwa kwa namba za Kirumi II, VII, IX na X, hutengenezwa na ini, na ini haliwezi kuzikamilisha bila vitamini K, ambayo sehemu kubwa tunaipata katika mboga za majani.

Aspirini na klopidogreli huingilia hatua ya kwanza, ile ya chembe sahani. Warfarini huingilia ya pili: huuzuia mwili usiirejeshe vitamini K iliyokwisha kutumika ili itumike tena, hivyo protini zile nne hutoka katika ini zikiwa pungufu. Mmea nao una njia tatu za kuingilia. Unaweza kuzilegeza chembe sahani zisishikamane, unaweza kuleta vitamini K nyingi kuliko ile ambayo daktari aliihesabu alipopanga dozi, au unaweza kulichochea au kulizuia ini linaposafisha kidonge kutoka mwilini. Ukizishika njia hizi tatu, utaweza kulichambua hata jani ambalo sikulitaja hapa.

Anayeona kwamba majani hayana uwezo wa kugusa damu na asikie warfarini yenyewe ilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani walianza kufa kwa kutokwa damu baada ya jambo dogo tu kama kukatwa pembe. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya mmea uitwao melilotasi, yaliyoota ukungu. Mwaka 1933, katika dhoruba ya theluji, mkulima mmoja alifika Chuo Kikuu cha Wisconsin na ng'ombe aliyekufa, mzigo wa majani hayo, na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Mkemia Karl Paul Link na wenzake walihangaika na majani yale kwa miaka kadhaa hadi wakaipata dawa iliyojificha ndani yake, dikumaroli. Ndugu yake wa karibu, warfarini, aliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 akaruhusiwa kutibu binadamu. Kidonge kile anachomeza yule mama kila jioni ni mtoto wa jani lililooza ghalani.

Kisa hicho kinasahihisha pia jambo linalosemwa sana kuhusu mdalasini. Wapo wanaodai kwamba unazuia damu kuganda kwa sababu una kemikali iitwayo kumarini, hasa ule wa kasia wenye gome nene na gumu. Kumarini yenyewe haina nguvu hiyo; ni ukungu ulioigeuza kuwa dikumaroli katika majani ya ng'ombe wale. Hata hivyo, kumarini nyingi inayoliwa kila siku hulidhuru ini kwa baadhi ya watu, na ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu na ndilo linaloisafisha warfarini. Kijiti cha mdalasini katika chai au pilau hakina neno. Kijiko cha unga wake kila asubuhi kwa ajili ya kushusha sukari ni jambo la kumweleza daktari.

Ijue dawa yako na namba yako

Kabla ya kuuliza kuhusu mmea wowote, uweze kutaja jina la dawa unayomeza, miligramu zake, saa unayoimeza, na sababu uliyopewa. Sababu ina uzito wake. Wengi ninaowahudumia wamewekewa valvu baada ya zile za asili kuharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Wengine wamewahi kuota bonge la damu mguuni au mapafuni. Wengine mapigo ya moyo wao yamepoteza mpangilio, na hivyo wako katika hatari ya kiharusi.

Anayemeza warfarini hufuatiliwa kwa kipimo cha INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1. Wagonjwa wengi hulengwa wawe kati ya 2 na 3, na mwenye valvu ya chuma katika upande wa kushoto, ile inayoitwa maitro, kwa kawaida hulengwa 2.5 hadi 3.5. Chini ya hapo bonge linaweza kuota. Na kikipita 4.5, hatari ya kutoka damu hupanda kwa kasi. Kwa kuwa warfarini hukaa mwilini kwa siku kadhaa, mmea ulioanza kuutumia Jumatatu hauwezi kuonekana katika kipimo cha Jumanne. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba yeyote aliyeanza au aliyeacha mtishamba apimwe tena kati ya siku ya 3 na ya 7, badala ya kungoja tarehe ya kliniki ya mwezi ujao.

Wanaomeza dawa mpya zaidi, kama rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani, huambiwa kwamba hawahitaji kipimo cha kila mwezi, na hilo ni kweli. Lakini lina upande wake wa pili: mmea ukiiongezea nguvu dawa hiyo, hakuna namba itakayokuonya, na dalili ya kwanza yaweza kuwa damu yenyewe. Hao nawashauri wawe waangalifu zaidi, wala wasijione wako huru zaidi.

Kusanya kila kitu mezani

Chukua daftari la kawaida la shule. Kwa siku saba andika kila kinachoingia mdomoni ambacho si mlo wa familia nzima: chai ya viungo, uji ulioongezewa unga, maji ya majani yaliyolowekwa usiku kucha, asali iliyochanganywa na mbegu, vidonge vya lishe ulivyoletewa na ndugu kutoka Ulaya au Oman, kikombe ulichopewa na jirani. Kwa kila kimoja andika sehemu ya mmea, kwa kuwa mzizi, gome, jani na mbegu za mti mmoja hazifanani. Andika namna ulivyokiandaa na kiasi, kwa kijiko au kikombe unachokijua. Kisha andika sababu ya kukitumia. Hiyo ya mwisho watu huiruka, nami huihitaji sana, kwa sababu anayekunywa tangawizi kwa ajili ya maumivu ya magoti huenda pia anameza diklofenaki bila kuniambia, na diklofenaki pamoja na warfarini ni hatari kubwa kuliko tangawizi yoyote.

Usitegemee jina peke yake. Ukisema "binzari", mmoja atafikiria manjano, mwingine unga wa mchuzi wenye viungo kumi, na wa Unguja atakuuliza kama unakusudia bizari nyembamba, ambayo wengine huiita uzile. Kwa mimea ya porini tatizo ni kubwa zaidi, kwani jina moja hubadilisha mti ukivuka wilaya. Leta jani lenyewe, na kama ni mzizi au gome, leta kipande pamoja na picha ya mti ulikochimbwa. Ukiwa umenunua unga uliofungwa, leta pakiti nzima. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, ambalo husajili waganga na dawa zao. Unga usio na jina la mtengenezaji, namba ya usajili wala orodha ya vilivyomo usiumeze ukiwa na dawa hizi. Mamlaka za nchi mbalimbali zimewahi kukuta vidonge vya hospitali vya kutuliza maumivu vimesagwa na kufichwa ndani ya "dawa za asili" za mgongo na miguu, na hapo mgonjwa huvuja damu tumboni huku akilaumu mti usio na hatia.

Viungo vya jikoni vinavyolegeza chembe sahani

Kitunguu saumu ndicho ninachokitilia mkazo kuliko vyote, kwa kuwa kila nyumba inacho na kila mtu amewahi kushauriwa akitumie kwa ajili ya presha. Kinapopondwa kibichi hutoa alisini, ambayo hubadilika na kuzaa ajoini, na kemikali hizi huzizuia chembe sahani zisishikamane. Madaktari wameripoti wagonjwa waliotoka damu kuliko kawaida baada ya upasuaji kwa sababu walikuwa wakila kitunguu saumu kwa wingi. Punje moja au mbili zilizokaangwa katika mchuzi wa watu sita hazinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni punje tano mbichi zinazomezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, au zinazolowekwa katika asali na kulambwa mchana kutwa.

Tofauti hiyo, kati ya kiasi cha chakula na kiasi cha dawa, ndiyo ninayotamani kila msomaji aishike hata akisahau mengine. Kiungo kilichomo ndani ya sufuria ya familia, kila siku kwa kiasi kilekile, mwili na dozi vimekwisha kukizoea. Kiungo hichohicho kikisagwa, kikakamuliwa, kikachujwa au kutiwa katika kapsuli, kimekuwa dawa, na kihesabiwe hivyo. Wakati wa korona nyumba nyingi zilichemsha tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kwa lita, zikanywa kutwa mara tatu, na wapo wazee waliokuwa wakimeza warfarini ambao hakuna aliyewakumbuka walipopewa kikombe kama wengine.

Tangawizi imeonekana katika maabara kuzilegeza chembe sahani, ingawa majaribio kwa binadamu hayakukubaliana. Kikombe kimoja cha chai kwa siku hukiruhusu, mizizi ya kukamua juisi siiruhusu. Manjano ya mchuzi hayana tatizo, ila kapsuli za kurkumini, kiini cha manjano, ni jambo jingine: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa wa warfarini kuanza kutumia bidhaa ya manjano na INR yake kupita 10. Karafuu ina yujenoli, ambayo nayo huzigusa chembe sahani. Mafuta yake yanayopakwa kwenye jino yatumike kwa tone, si kwa kijiko, na mtu asiyameze. Habasoda na uwatu ninaviweka kundi hili hili kwa tahadhari. Imewahi kuripotiwa INR ya mgonjwa kupanda alipoutumia uwatu pamoja na mmea mwingine, kisha ikashuka alipoviacha. Mama aliyejifungua na ambaye amepewa dawa za kuzuia damu kuganda asipikiwe uji wa uwatu wa kila siku kabla ya mkunga au daktari kuambiwa.

Nataja na matunda mawili ambayo hakuna anayeyafikiria. Maembe yakiliwa kwa wingi kila siku yamewahi kupandisha INR ya wagonjwa wa warfarini, ikashuka walipoyaacha, hivyo msimu wa maembe ukiingia, kula embe lako moja, usile ndoo. Ukwaju nao uligunduliwa, katika utafiti kwa watu wenye afya, kwamba ukiwa ndani ya mlo huongeza kiasi cha aspirini kinachoingia katika damu. Anayemeza aspirini asiifuatishie na glasi kubwa ya juisi yake.

Mlonge, sukuma wiki na kisamvu

Sasa nirudi kwa mama wa mlonge, kwa kuwa kosa lake ni la upande wa pili. Majani ya mlonge, sawa na sukuma wiki, mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, yana vitamini K, na unga wake ni majani mengi yaliyokaushwa na kubanwa ndani ya kijiko kimoja. Mwanamke mzima anakadiriwa kuhitaji mikrogramu 90 za vitamini hiyo kwa siku, na mwanamume 120. Kikombe kimoja cha sukuma wiki iliyopikwa hupita kiasi hicho mara kadhaa. Kwa mtu asiyetumia warfarini hilo halina madhara yoyote. Kwa anayeitumia, ni kama mtu anayechota maji ndani ya mtumbwi huku mwingine akimimina.

Kosa kubwa linalofuata hapo ni mgonjwa kuambiwa "usile mboga za majani", naye akatii. Nimewaona waliokaa miezi wakila ugali na maharage tu, damu ikapungua, INR ikawa inayumba vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu mwenye akiba ndogo ya vitamini K hutikiswa hata na mboga ya siku moja ya harusi. Kula mboga zako. Kinachotakiwa ni kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Mimi huwaambia watu watumie kibakuli kimoja kile kile kupimia mboga iliyokwisha kupikwa: kama ni kibakuli kimoja mara nne kwa wiki, kiwe hivyo masika na kiangazi. Ukitaka kuanza mlonge, mwambie anayekupangia dozi, anza na kijiko kidogo kimoja, usibadilishe, na upimwe katika wiki hiyo. Yule mama hatukumnyang'anya kopo lake. Tulikubaliana juu ya kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa kisu, kila siku, tukampangia warfarini kulingana nacho, na baada ya wiki tatu kipimo chake kilirudi mahali pake.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake, kwani mlo wote huhama. Warfarini humezwa mara moja kwa siku, hivyo inafaa kuifunga na futari, saa ile ile kila jioni, na mboga za majani ziwekwe kwenye futari au daku ili zisipotee mwezi mzima kisha zikarudi kwa kishindo siku ya Idi.

Shubiri mlongwe, na dawa nyingine zinazoharisha "kusafisha tumbo", huleta taabu kwa njia isiyotazamiwa. Mtu aliyeharisha siku tatu na kukosa hamu ya kula hapati vitamini K ya kutosha, na INR yake hupanda ingawa hakuongeza kidonge hata kimoja. Kupaka shubiri kwenye ngozi hakuna shida. Kuinywa ukiwa na dawa hizi nakukataza kabisa.

Kabla ya kisu, koleo na chupa ya kuumika

Ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari wa usingizi kila kilichomo katika daftari lako, na mitishamba yote iliyo katika kiasi cha dawa iachwe wiki 2 kabla, isipokuwa akuelekeze vingine. Kuhusu vidonge vyenyewe, usiviache kwa uamuzi wako, hata kwa siku moja. Mwenye valvu ya chuma anayeacha warfarini ili "damu isitoke sana" anaweza kupata kiharusi akiwa anasubiri kung'olewa jino. Daktari wa meno mara nyingi anaweza kung'oa jino mgonjwa akiendelea na dozi yake, mradi INR iwe imepimwa karibu na siku hiyo.

Kuumika, ambako wengi sasa hukuita hijama, kunahusisha kuchanja ngozi na kuvuta damu. Anayemeza dawa hizi asifanyiwe, wala asichanjwe chale, hata na mtaalamu mwenye vifaa safi. Na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aelewe kwamba warfarini yenyewe inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Akizikosa siku zake asingoje wala asijaribu majani ya kurejesha hedhi, aende kliniki siku hiyo hiyo.

Damu inapotoka

Kila kijiji kina jani la kuzuia damu. Wengi wetu tumeona mtoto aliyejikata na panga akikamuliwa utomvu wa mgomba, au kishona nguo kikitafunwa na kubandikwa kwenye kidole. Mimea hii ina tanini, ambazo huzikaza protini na kuikaza ngozi, na kwa mkwaruzo mdogo wa mtu mwenye afya hufanya kazi. Lakini mfano wa mbono kaburi unanifanya niwe mwangalifu. Watafiti wa Nigeria waliuchunguza utomvu wake, wakachapisha matokeo mwaka 2003: ukiwa mzima, ulifupisha muda wa damu ya binadamu kuganda, ulipozimuliwa kwa maji, uliurefusha, na ulipozimuliwa sana damu haikuganda kabisa. Bibi yangu alikamua tone moja kwa moja kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye jeraha, na sasa naelewa kwa nini alitugombeza tulipotaka kuliosha kwanza tawi. Majani ya mpera nayo, ambayo wengi huyachemsha ili kukausha vidonda, yalipojaribiwa maabara maji yake yalichelewesha kuganda kwa damu badala ya kukuharakisha.

Kwa anayemeza dawa hizi, utaratibu uwe huu. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka, weka kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu kwa kiganja kwa dakika 15 ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia, kwani kila unapochungulia unaling'oa bonge lililoanza kujifuma. Inua sehemu iliyoumia juu kuliko moyo. Kama damu inatoka puani, kaa, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa muda huo huo, uhemee mdomoni. Usiweke udongo, majivu, tumbaku wala kinyesi cha mnyama juu ya jeraha, maana pepopunda huingilia hapo. Dakika 15 zikipita na damu bado inatoka, nenda hospitali ukiwa umeendelea kukandamiza.

Homa ya dengi ni jambo la kusemwa peke yake, kwa kuwa nayo hushusha chembe sahani. Mlipuko ulipoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, juisi ya majani ya mpapai ilinywewa karibu kila mtaa. Tafiti za Asia zinaonyesha kwamba majani hayo yanaweza kuharakisha kupanda kwa chembe sahani, lakini hazijathibitisha kwamba yanazuia kifo au kutoka damu, na mgonjwa wa dengi huokolewa zaidi na maji ya kutosha na uangalizi wa karibu. Ukiwa na homa katika msimu wa mlipuko, tumia parasetamoli; aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, usijitibu nyumbani hata siku ya kwanza, kwa sababu ni daktari tu anayeweza kuamua kama dozi yako iendelee, ipunguzwe au isimame.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Fizi zinazotoka damu kila unapopiga mswaki, michubuko inayojitokeza bila kugongwa, na hedhi iliyozidi kawaida ni sababu ya kwenda kupimwa siku hiyo au kesho yake. Choo cheusi kama lami, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, kichwa kinachouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu: hapo usichemshe kitu, usisubiri kupambazuke, tafuta usafiri. Aliyeanguka na kugonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anazungumza na kucheka, maana damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa saa nyingi kabla ya dalili kutokea.

Beba pakiti ya vidonge, kadi yako ya kliniki na lile daftari. Kama kuna sufuria ya majani jikoni, chukua majani yaliyobaki, yafunge kwenye karatasi, uyatie mfukoni, na mtakapofika mpe daktari kabla hajakuuliza.